Kupika Sabuni ya Asali na Mafuta ya Nta Nyumbani: Maswali Kutoka Malindi

Asali ya kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke inapatikana, na mafuta ya nazi Pwani si haba. Ndiyo maana wengi Malindi wanataka kujipikia sabuni na mafuta ya ngozi. Haya ndiyo maswali yao.

Je, naweza kupika sabuni bila kostiki soda?

Huwezi. Mafuta hayageuki sabuni ya mche mpaka yakutane na kostiki, kemikali kali inayounguza. Kipimo kikiwa sawa, kostiki yote huisha humo. Kikizidi, hubaki ikachoma ngozi. Kilo 1 ya mafuta ya nazi humaliza takriban gramu 183 za kostiki. Ila sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi, basi tia gramu 146 tu, ili mafuta mengine yabaki kuilainisha. Pima kwa mizani, si kwa kikombe. Na kipimo hiki ni cha nazi peke yake. Kila mafuta yana chake.

Sufuria yangu ya wali yafaa?

Kama ni ya alumini, hapana kabisa. Kostiki huila alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia chombo cha stili au plastiki ngumu inayostahimili joto, na usikirudishe jikoni.

Vaa glavu na miwani, fungua madirisha. Mimina kostiki ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki: huchemka ghafla na kukurukia. Ikikugusa, vua nguo iliyolowa, jioshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, bila siki wala ndimu. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo kisha nenda hospitali upesi.

Nawasihi sana wazazi: msiweke kostiki kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa, msimtapishe, mkimbizeni hospitali.

Asali itiwe lini?

Mchanganyiko ukianza kuwa mzito. Kijiko kimoja cha mezani kwa kilo ya mafuta chatosha, kwa sababu sukari yake huzidisha joto. Ukishakata miche, ianike kivulini wiki 4 hadi 6.

Na nta?

Iweke kwa ajili ya mafuta ya kupaka. Ikizidi kwenye sabuni, povu hupotea. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, na hushika moto, hivyo iyeyushe ndani ya bakuli lililowekwa kwenye maji ya moto. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 tu, yaani hapa kwetu ni maji karibu mwaka mzima. Gramu 1 ya nta kwa 3 za mafuta hushika vizuri. Asali usitie humo, hujitenga.

Mafuta haya ya kupaka yatanikinga na jua?

La. Mwenye ualbino hasa asiyategemee. Anahitaji losheni maalumu ya jua, kofia na nguo ya mikono mirefu.

Mtoto mchanga je?

Asali isimguse mdomoni kabla ya kutimiza miezi 12, hata ya kupaka midomo, maana yaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli. Mtu mzima naye ajaribu kwanza mafuta hayo kidogo ndani ya kiwiko, angoje siku moja au mbili. Ukiona vipele au mwasho, acha.