Nafasi ya kocha: maana yake katika udahili wa vyuo vya Marekani

Ukimwambia Mswahili kwamba kocha wa kuogelea anaweza kumsaidia mtoto kuingia Harvard, neno litakalomjia kwanza ni kimemo. Hakosei sana, ila kimemo hakina hesabu wala kanuni. Nafasi ya kocha ina vyote viwili: ni idadi maalumu ya majina ambayo ofisi ya udahili humruhusu kocha kuyapigia debe kila mwaka. Kocha mwenyewe hadahili mtu. Anapewa karata chache, na kazi yake ni kujua amchezee nani.

Chuo cha Amherst, kwa mfano, kiliwahi kueleza katika ripoti yake kuhusu michezo kwamba kilikuwa na nafasi 67 za namna hiyo kwa mwaka, za timu zake zote. Timu ya futiboli ya Kimarekani ikishachota fungu lake, nyingine zinabakiwa na mbili tatu kila moja.

Shughuli huanza mapema. Kabla mwanafunzi hajaingia mwaka wa mwisho wa sekondari, kocha humwomba matokeo ya darasani na alama za mitihani, kisha huyapeleka ofisi ya udahili yakapitiwe kabla hata ya maombi rasmi. Jibu mara nyingi hurudi kwa rangi za taa za barabarani: kijani, njano au nyekundu. Likiwa kijani, kocha hupiga simu na kuuliza swali moja lenye uzito: sisi ni chaguo lako la kwanza? Akijibiwa ndiyo, mwanafunzi huomba katika awamu ya mapema, ambayo katika vyuo vingi humfunga kujiunga akikubaliwa, kwani hakuna kocha anayetaka karata yake iishie kwa mtu atakayekwenda kusoma kwingine.

Vyuo 8 vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe kama Harvard na Yale, ambavyo havitoi ufadhili wa michezo, vina kipimo kinachounganisha matokeo ya shule na ya mitihani. Wastani wa wanamichezo walioitwa na makocha haupaswi kuachwa mbali na wastani wa wanafunzi wengine. Hapo ndipo panapozaliwa ujanja: kocha anayemtaka nyota mwenye alama za kubahatisha humtafutia mwenzake mwenye alama za juu kabisa, hata kama huyo atakaa benchi miaka yote minne, mradi wastani ukae sawa.

Katika kesi ya madai ya ubaguzi katika udahili dhidi ya Harvard, iliyosikilizwa mwaka 2018, ilionekana kwamba takriban 86 kati ya kila wanamichezo 100 walioitwa na makocha walikubaliwa, wakati kwa waombaji wengine ni kama 6 tu. Pengo ni kubwa kweli, lakini tukumbuke kwamba wale 100 walishachujwa kwa zile rangi. Waliopewa nyekundu wengi hawakuomba kabisa.

Mlango huu uliwahi kuuzwa. Machi 2019 waendesha mashtaka wa Marekani walifichua mtandao wa Rick Singer, mshauri wa udahili aliyewahonga makocha wawaandike watoto wa matajiri kuwa wanamichezo. Rudy Meredith, kocha wa soka ya wanawake Yale, alikuwa mmoja wao. Kilichofanya uongo ule upite ni kwamba ofisi ya udahili haikuwa na desturi ya kwenda uwanjani kuhakikisha. Kocha akisema huyu anacheza, basi anacheza.

Kwetu, mwaka 2004 John Manners na Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 Munich 1972, walianzisha KenSAP, mpango wa kuwapeleka wanafunzi hodari wa Bonde la Ufa kwenye vyuo vikubwa vya Marekani. Waliteuliwa kwa alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, lakini walikimbizwa pia mita 1500, hata wasiowahi kushindana. Akitokea mwenye mbio, huenda kocha wa huko akamtilia neno.

Mzazi anayeletewa barua yenye nembo ya chuo asishangilie bado. Mialiko ya kambi za mazoezi hutumwa kwa mamia. Na “tunakupenda sana” si sawa na “nitakutumia nafasi yangu”, kwa hiyo mtoto amuulize kocha waziwazi.

Jambo moja huwanyima makocha usingizi. Katika vyuo visivyotoa ufadhili wa michezo, mwanafunzi akishaingia anaweza kuiacha timu wiki ya pili na kuendelea na masomo yake. Karata imeshachezwa, na hairudi.