Maana ya Skeli katika Deraya ya Karatasi

Deraya ya karatasi, kama wajuavyo wapenzi wa kosplei, yaani burudani ya kuvaa kama wahusika wa filamu, michezo ya kompyuta na katuni, ni vazi la kivita linaloundwa kwa kukata, kukunja na kugundisha vipande vya karatasi ngumu ambavyo vimechapwa kutokana na umbo la pande tatu lililochorwa kwenye kompyuta. Programu, na iliyozoeleka zaidi ni Pepakura Designer ya kampuni ya Tama Software ya Japani, hulikunjua umbo hilo likawa vipande bapa vyenye mistari ya kukata, mistari ya kukunja na masikio madogo ya kupaka gundi. Kabla ya kuchapa, mtengenezaji hutakiwa kuieleza programu ni ukubwa gani umbo litakuwa nao baada ya kuunganishwa. Uhusiano kati ya ukubwa huo na ukubwa wa umbo la awali ndio unaoitwa skeli, na ndio unaoamua kama vazi litavalika au litabaki pambo la rafuni.

Kihesabu, skeli ni namba moja inayozidisha kila urefu uliomo katika umbo. Hupatikana kwa kuchukua kipimo unachokitaka na kukigawa kwa kipimo kile kile cha umbo. Pembe hazibadiliki, ndiyo maana vipande huendelea kuungana vizuri hata vikikuzwa au kupunguzwa. Eneo la karatasi, hata hivyo, hukua kwa mraba wa namba hiyo: ukiongeza urefu kwa asilimia 10, karatasi itakayotumika huongezeka kwa asilimia 21, na kuta pana zaidi hulegea zaidi kabla hazijaimarishwa kwa utomvu wa viwandani na nyuzi za kioo.

Mpaka hapo jambo ni jepesi. Ugumu unatokana na kwamba mwili wa mtu haupimiki kwa namba moja. Wanaoanza hupenda kugawa kimo chao kwa kimo cha mhusika na kutumia namba hiyo kwa vipande vyote, nao hushangaa dirii inapowakaa na chapeo inapokataa kuingia. Wachoraji hukadiria kwamba mtu mzima wa kawaida ana kimo cha vichwa 7.5, ilhali shujaa wa kubuni huchorwa na vichwa 8 ili aonekane mrefu na mwenye nguvu. Kwa mtu wa sentimita 170, shujaa aliyepunguzwa hadi kimo hicho atakuwa na kichwa cha sentimita 21.3, wakati kichwa halisi cha mtu huyo kinakaribia sentimita 22.7. Mabega ya shujaa nayo ni mapana kupita kiasi, kiuno ni chembamba, na mapaja hayajui kukaa kitini. Kwa hiyo kila kipande huhitaji skeli yake, inayotokana na kipimo kinachokitawala kipande hicho.

Kipimo kinachotawala ni kile cha sehemu finyu zaidi ambayo mwili lazima uwemo au upite. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu kipimo ambacho programu huonyesha ni cha nje kabisa, yaani upana, kimo na kina cha sanduku ambalo umbo lote lingeingia, pamoja na pembe, antena na mapambo yake. Tuchukue chapeo ambayo programu inasema ina upana wa sentimita 32, na kila upande una kisahani cha sikio kilichotokeza sentimita 3. Upana wa ndani, tukipuuza unene wa karatasi, ni sentimita 26. Mvaaji ana sentimita 18 kutoka sikio hadi sikio, naye anataka nafasi ya sentimita 2 kila upande kwa ajili ya sponji na hewa, hivyo anahitaji sentimita 22 za ndani. Akigawa 22 kwa 26 atapata takriban 0.846, na upana wa nje atakaouandika kwenye programu ni sentimita 27.1. Lakini akiandika 22 moja kwa moja, upana wa ndani utakuwa chini ya sentimita 18, na masikio yake hayatapata pa kukaa. Skeli ikishapatikana kwa upana, ni lazima ijaribiwe kwa kina, kuanzia ncha ya pua hadi kisogoni, na kwa kimo, kuanzia kidevuni hadi utosini. Namba kubwa kuliko zote tatu ndiyo ya kufuata. Hata hivyo, woga wa chapeo kubana usimfanye mtu aongeze nafasi bila kiasi, kwani chapeo iliyozidi humfanya mvaaji aonekane kama mtoto aliyejitwika kofia ya babu yake, na hakuna rangi itakayoficha kasoro hiyo.

Kuwemo ni jambo moja, kupita ni jingine. Chapeo nyingi zimefungwa hadi chini ya taya, kwa hiyo tundu la shingo ni dogo kuliko kichwa, na suluhisho si kukuza skeli bali kuikata chapeo nyuma na kuifunga kwa sumaku au velkro. Kipande cha kigasha hakipimwi kwa kigasha peke yake, kwa sababu kiganja ndicho kinachotangulia kupita: pima mzingo wa kiganja penye vifundo, kidole gumba kikiwa kimekunjwa ndani. Kwa kipande cha muundi, mzingo unaohusika ni ule unaozunguka kisigino na kukatiza juu ya wayo, ambao huuzidi sana ule wa kifundo cha mguu.

Urefu wa kipande una sheria yake. Kigasha kinaweza kukaa vizuri kwa mzingo na bado kikawa kirefu kiasi cha kuzuia kiwiko kukunjika. Katika hali hiyo umbo hunyooshwa au kufupishwa kwa mhimili mmoja tu, kazi ambayo hufanywa katika programu ya uchoraji kama Blender kabla ya kulikunjua. Mabadiliko madogo hayaonekani, ila yakizidi, duara huwa yai na nembo za mhusika hupinda. Binafsi naona ni afadhali kukata ukingo wa kipande kwa sentimita moja kuliko kuharibu umbo lake.

Wengi siku hizi hutumia vipande vya karatasi kama vigezo vya kukatia foamu ya EVA, ile ile inayotengenezewa kandambili nyingi, na hapo unene huingia katika hesabu. Ikiwa mzingo wa nje umebaki kama ulivyochorwa, foamu ya milimita 10 hupunguza mzingo wa ndani kwa takriban sentimita 6.3, kiasi kinachotosha kufanya kipande cha paja kisipande kabisa. Nguo ya ndani na misuli inayotuna mtu anapokunja mkono pia hudai nafasi yao. Ndiyo maana jaribio bora kuliko hesabu zote ni kukata ukanda wa karatasi wenye mzingo wa sehemu finyu, kuufunga uwe pete, kuuvaa, kisha kukaa, kuchuchumaa na kuinua mikono.

Hatari ya mwisho iko kwenye mashine ya kuchapa. Vigezo vingi vimepangwa kwa karatasi ya Marekani, Letter, yenye upana wa milimita 216, ilhali A4 inayotumika kwetu ina upana wa milimita 210. Mhudumu wa stesheneri akiiacha mashine ilinganishe ukurasa na karatasi, kila kitu hupungua kwa karibu asilimia 3, na mzingo wa sentimita 60 huwa sentimita 58.4. Kwa kuwa kurasa zote hupungua sawasawa, vipande huungana bila tatizo na kosa halijitokezi mpaka siku ya kuvaa. Mwombe achape kwa asilimia 100, baada ya kuweka A4 ndani ya programu yenyewe, na upime kwa rula mstari wa sentimita 10 kwenye ukurasa wa kwanza kabla kurasa nyingine hazijatoka.