Neno "feki" halivunji shafti

Kusi ilikuwa imekolea, boti nyingi zimepandishwa mchangani, ndipo nahodha mmoja wa Sahare akaja karakana akiwa na kiroba begani. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya shafti ya propela. Tulipokwisha kuamkiana akaenda moja kwa moja kwenye shida yake: "Mwanangu, nimeuziwa feki. Niandikie karatasi nimpelekee aliyeniuzia, anirudishie pesa zangu."

Kazi yangu ni kuchunguza vitu vilivyovunjika, vya chuma na vya plastiki, na neno hilo nalisikia hapa Tanga karibu kila siku. Bolti ikikatika ni feki. Konekta ya tangi ikipasuka ni feki. Sikatai kwamba spea za bandia zipo, nimezikuta. Lakini vingi vinavyoletwa mezani kwangu vimetengenezwa kwa malighafi inayofaa, halafu vikavunjwa na kitu kingine kabisa, na kitu hicho bado kipo pale pale kinakisubiri kipuri kipya. Ndiyo maana neno hilo linanisumbua. Linamaliza kesi kabla haijafunguliwa, na mwenye mali ananunua tena, kinavunjika tena.

Nahodha alitaka kuvipachika vile vipande pamoja ili anioneshe palipokatika. Nikamwomba radhi na kumzuia mkono. Nyuso mbili za chuma zikisuguana, vilima vidogo vidogo vilivyomo huvunjwa, na humo ndimo ilimo habari yote. Shafti ile ilikatika jirani na kapilingi, kile kiungo kinachoishika na injini, penye mfereji wa kii, yaani mtaro wa kile kipande cha chuma kinachoifunga shafti na kapilingi zizunguke pamoja. Niliosha chumvi kwa maji baridi, nikakausha, nikauelekeza uso uliokatika kwenye mwanga wa dirishani ukiwa umelala upande. Hatua hiyo haihitaji mashine yoyote. Jicho, lenzi ya mkono na mwanga wa pembeni vinatosha kwa nusu ya kazi.

Aliyetembea Sahare maji yakiwa yamekupwa baada ya bamvua ameiona mistari inayoachwa mchangani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukionyesha maji yalipofika. Uso wa shafti ile ulikuwa hivyo hivyo. Mistari myembamba ya mviringo ilianzia kwenye kona ya mfereji wa kii na kusonga kuelekea upande wa pili. Wahandisi wa fani hii duniani kote wanaiita alama za ufukweni, na kwetu sisi tuliozaliwa na bahari jina hilo halihitaji maelezo. Kila mstari ni mahali ufa uliposimama au ulipobadili mwendo: injini ilizimwa, boti ikalala, safari ikaanza upya.

Huo ndio uchovu wa chuma. Shafti inayopinda kidogo tu huku ikizunguka, kila sehemu ya ngozi yake huvutwa na kubanwa mara moja kwa kila mzunguko. Chukua injini inayoizungusha shafti mara 1,000 kwa dakika. Saa moja ni mizunguko 60,000. Safari ya saa 5 ni 300,000. Kwa safari 4 umeshavuka milioni. Mzigo ambao shafti ingeubeba mara moja bila shida yoyote, ikiubeba mara milioni kadhaa mahali penye kona kali, ufa unazaliwa. Kona inalimbikiza nguvu. Hata tundu la duara lililotobolewa vizuri katika bamba pana linalovutwa huongeza mkazo ukingoni mwake mara 3, na kona iliyochongwa kali kwa ndani ni mbaya kuliko tundu la duara.

Sasa tazama ule upande wa mwisho, mahali chuma kilipokatika kwa ghafla. Pana sura tofauti: panakwaruza, hapana mistari. Katika shafti ya nahodha sehemu hiyo ilikuwa ndogo, yapata moja ya tano ya uso mzima. Hapo ndipo kesi ya "feki" ilipoanguka. Sehemu ya mwisho ikiwa ndogo, maana yake ni kwamba mzigo haukuwa mkubwa na chuma kilikuwa na ustahimilivu: ufa umekula sehemu nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki bado ilikuwa inaisukuma boti. Chuma kibovu, kikavu, kingekatika mapema sana, na eneo la ghafla lingekuwa pana. Nikapima ugumu wake kwa kuhakikisha, nikaukuta wa kawaida kwa shafti.

"Kumbe aliyeniuzia hana kosa," nahodha akasema. Alikaa kimya kidogo. Kisha akaanza kunieleza mambo ambayo hakuyasema mwanzo, kwa sababu mtu akishaamini neno "feki" haoni tena haja ya kueleza mengine. Ile ilikuwa shafti ya pili kukatika pale pale. Mbao zinazobeba injini zilibadilishwa mwaka uliotangulia. Na aliyezibadilisha aliipanga injini na shafti zikae mstari mmoja boti ikiwa juu ya mchanga.

Boti ya mbao ikiwa nchi kavu ina umbo lake, na ikielea ina umbo lingine. Kapilingi iliyokaa sawa mchangani inaweza kuwa imekwenda upande majini. Tulipoipima boti ikielea, nafasi kati ya nyuso mbili za kapilingi ilikuwa wazi zaidi juu kuliko chini, kiasi cha kuonekana kwa macho bila kipimo. Kwa hiyo kila mzunguko ulikuwa unaipinda shafti. Ongeza kona kali ya mfereji wa kii. Ongeza maji ya chumvi, ambayo yana tabia mbaya mno: chuma cha kawaida kikiwa hewani kina kiwango cha mzigo ambacho chini yake hakichoki hata ukizungusha miaka, lakini ndani ya maji ya bahari kiwango hicho hakipo tena. Kutu na mzunguko vinasaidiana, na hata mzigo mdogo una siku yake.

Dawa haikuwa shafti nene zaidi. Mkereza aliviringisha kona za mfereji mpya, na injini ikapangwa upya boti ikiwa majini.

Jambo hili si geni, na lina uhusiano na mji wetu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1842 treni iliyokuwa ikitoka Versailles kurudi Paris ilivunjika ekseli, na watu zaidi ya 50 wakafa. Wakati ule wengi waliamini kwamba chuma "hubadilika ndani" kwa kutumika, kinakuwa kikavu kama chumvi ya mawe, kwa kuwa ndivyo uso uliokatika unavyoonekana. William Rankine wa Uskoti alizichunguza ekseli zilizovunjika akaona kwamba ufa unaanzia kwenye kona, pale kipenyo kinapobadilika ghafla. Baadaye August Wöhler, mhandisi wa reli huko Prussia, akatengeneza mashine za kuzungusha vyuma vikiwa vimepindishwa, akavizungusha kwa mamilioni ya mara na kuandika kila kimoja kilidumu kiasi gani. Alimaliza majaribio yake makubwa mwaka 1870. Reli ya Tanga kwenda Muheza ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, yaani elimu ya ekseli ilikuwa tayari ipo mikononi mwa wajenzi wa reli kabla taruma la kwanza halijalazwa hapa. Mie nikipita stesheni huwa nalifikiria hilo.

Kona ya shafti inaonekana kitu kidogo. Lakini tarehe 15 Desemba 1967 daraja la Silver Bridge juu ya mto Ohio, Marekani, lilianguka jioni likiwa limejaa magari, na watu 46 wakafa. Chanzo kilikuwa ufa katika kiungo kimoja, wenye kina cha milimita 2.5 hivi. Hakuna aliyeweza kuuona bila kukifungua kiungo.

Kwenye mashamba ya mkonge naletewa zaidi bolti, hasa za korona, ile mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge. Korona inatetemeka kutwa nzima, na maji ya mkonge ni makali, yanakula chuma. Bolti ikikatika, fundi anachukua ngumu zaidi. Kichwani mwa bolti pameandikwa 8.8, anaweka 10.9, hiyo ikikatika anatafuta 12.9. Namba hizo zina maana nzuri tu: namba ya kwanza ukiizidisha mara 100 unapata nguvu ya kukatika kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba, na ya pili inaeleza ni sehemu ngapi kati ya kumi za nguvu hiyo bolti itabeba kabla ya kuanza kunyooka bila kurudi. Bolti ya 8.8 inakatika kwenye 800, na inaanza kunyooka kwenye 640. Kupanda namba kunaonekana ni busara.

Ila karibu kila bolti ya korona niliyoichunguza ina alama za ufukweni, na sababu yake ni kulegea. Hili watu hawaliamini kwa urahisi. Bolti iliyokazwa sawasawa inavibana vipande viwili kwa nguvu kubwa kuliko ile ya mtetemo, hivyo mtetemo unaishia kwenye vile vipande na bolti yenyewe inahisi kidogo sana. Ikilegea, inabeba mtetemo wote peke yake, mara kwa mara, mpaka inachoka. Isitoshe, chuma kigumu mno kama 12.9 kina udhaifu wa kipekee: hidrojeni inayozaliwa wakati wa kupaka zinki au wakati wa kutu inaweza kuingia ndani yake na kukifanya kikatike ghafla, hata siku kadhaa baada ya kukazwa, mashine ikiwa imesimama. Kwa hiyo fundi anayepanda namba bila kutazama mkazo anaweza kuwa anaondoka kwenye shida moja na kuingia kwenye nyingine iliyo mbaya zaidi. Nimewaomba mafundi wa shamba moja wanunue spana ya kupimia mkazo, na wachore mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye bamba, ili nati ikisogea ionekane.

Plastiki nayo ina lugha yake. Inayovutwa mpaka kukatika kwa kuzidiwa mara nyingi hunyooka kwanza na kuwa nyeupe pale ilipovutwa. Inayopasuka polepole haina hayo. Uso wake ni bapa, safi, kana kwamba umekatwa kwa wembe. Konekta za matangi ya maji zinazopasuka usiku na kumwaga maji yote, nyingi nilizoziona ziko hivyo, na ufa umeanzia ndani kwenye thredi. Fundi amezungusha tepu nyeupe tabaka juu ya tabaka, akaingiza kipande cha chuma ndani ya plastiki, akamalizia na spana. Konekta imebaki inatanuliwa mchana na usiku. Plastiki haisahau mvuto wa namna hiyo. Inaweza kuustahimili mwaka, halafu ikafunguka siku ambayo hakuna mtu aliyeigusa, na watu wanasema imepasuka yenyewe.

Kesi ya plastiki ambayo bado inaniuma ni ya gereji moja ya kupaka rangi magari, huko Ngamiani. Kompresa yao ilikuwa na kichujio chenye bakuli angavu la polikaboneti, la kunasa maji na mafuta. Kijana aliyekuwa akilitunza alilisafisha kila Jumamosi kwa tina, ile ya kuchanganyia rangi, kwa sababu tina inatoa uchafu haraka. Alikuwa kijana mwangalifu. Siku moja bakuli lilipasuka likiwa na hewa ya mgandamizo ndani, na vipande vikamchana mkono na shavu. Jicho lilinusurika kwa umbali wa kidole.

Vipande vilivyobaki vilikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui upande wa ndani, nyingi zikiwa hazihusiani na ule mpasuko wenyewe. Polikaboneti ni plastiki ngumu sana kwa kupigwa, lakini kemikali kama tina na petroli huiingia pale inapovutwa na kuzitenganisha molekuli zake taratibu. Kemikali peke yake ingeweza isifanye kitu, na mvuto peke yake bakuli lilitengenezewa. Viwili kwa pamoja ndivyo vilivyolivunja. Ukiwa na bakuli la aina hiyo, lioshe kwa maji na sabuni laini tu, ulivishe kinga ya chuma, na ukiona ukungu au nyufa kama nywele, litoe siku hiyo hiyo. Naomba sana kila gereji isome hapa.

Kitu chako kikivunjika, kabla hujaita fundi, kipige picha kikiwa pale pale kilipo, na uweke alama upande uliokuwa juu. Usipige msasa, usivipachike vipande, usiguse nyuso kwa vidole. Chuma kilichotoka baharini kioshe mara moja kwa maji baridi, kikauke, kifunge kwenye mfuko wa plastiki, kila kipande peke yake, maana kutu ya siku mbili za hewa ya Tanga inafuta maandishi ya miezi mingi. Na kipande kidogo kilichobaki ndani ya tundu kihifadhi pia. Mara nyingi ndicho chenye mwanzo wa ufa.

Juzi wale mafundi wa shamba la mkonge wameniletea bolti mpya iliyokatika. Vipande viwili, mifuko miwili, na karatasi yenye tarehe ya kukazwa mara ya mwisho na picha ya mstari wa rangi ukiwa umesogea robo mzunguko. Uso bado haujaota kutu. Mistari ya ufukweni inaonekana bila lenzi, lakini imeanzia pande mbili zinazotazamana, jambo linaloonyesha kwamba bolti ilikuwa inapindwa huku na huku. Kwa hiyo kesho naenda shambani kutazama bamba lililokuwa chini ya nati hiyo, kama limekaa sawa.