"Dokta kaniwekea simenti feki" – hapana, ni tumbo lako

Wiki hii nimeisikia mara nne na leo ndo Alhamisi. Mtu anakaa kwenye kiti, mdomo hajaufungua vizuri, tayari analalamika, "yule dokta wa kwanza kaniwekea simenti feki ya kuzibia jino, mwaka haujaisha imelika". Haya, naangalia. Simenti imelika kweli, ila jino linaloizunguka limelika zaidi, na nikigeuza kioo kuangalia meno ya mbele ya juu kwa nyuma, yamelainika na kung'aa kama mgongo wa kijiko. Hapo fundi hana kosa, hiyo ni asidi ya tumboni inapanda usiku we umelala fofofo, na usiku mate yenyewe yanakuwa machache, hakuna wa kuizimua.

Enameli, lile gamba gumu la nje la jino, inaanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka ndo ukali unapanda). Asidi ya tumbo iko kwenye 1 hadi 2. Na pH haihesabiwi kama shilingi jamani, kila hatua moja ni mara kumi, ukitoka 5.5 ukafika 1.5 ukali umepanda mara 10,000, halafu unategemea kijisimenti kivumilie hayo kila usiku.

Sasa kila dawa ya kuzibia ina tabia yake. Glasi ayonoma, ile nyeupe isiyong'aa sana, ndo inaumia kuliko zote, asidi inaimumunya kidogo kidogo mpaka panabaki shimo. Sio feki! Ni dawa nzuri sana, inatoa floridi, na ndo inayotumika kwenye ART, ule mtindo wa kusafisha jino kwa vifaa vya mkono bila mashine ulioanzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Imewekwa tu kwenye mdomo wenye asidi isiyo ya kawaida. Kompositi, ile ya rangi ya jino, inastahimili zaidi, uso wake unakwaruzika na kupoteza mng'ao, ila shida kubwa ni pembeni pale inaposhikana na jino, jino likiyeyuka dawa inabaki imesimama juu kama mwamba maji yakikupwa, chakula kinaingia, baadae inang'oka nzima nzima. Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, nayo hivyohivyo. Ukiona dawa imekuwa ndefu kuliko jino, haijakua, ni jino limeshuka!

"Mi sina kiungulia." Sijakuuliza kiungulia, nimekuuliza kama unaamka mdomo mchachu, sauti imekwaruza, au unakohoa kikavu usiku. Asidi inaweza kupanda bila kifua kuwaka hata kidogo. Na kuna mimba za kutapika kila asubuhi, na kuna wanaojitapisha wapungue mwili, hao nawauliza mlango ukiwa umefungwa, sio kwa kuwahukumu.

"Nikitapika napiga mswaki hapohapo." Ndo unamalizia kazi ya asidi, maana enameli imeshalainika na we unaisugua. Sukutua maji, ukiweza tia kijiko kidogo cha bekingi soda kwenye glasi, mswaki subiri kama saa moja. Nimesema bekingi soda, sio magadi ya kulainishia maharage, yale ni makali na mengine yana floridi nyingi mno, kuna mtu alinielewa vibaya sitaki kurudia. Mkaa na limao la kung'arishia meno sitaki hata kuvisikia.

"Maziwa kabla ya kulala yanatuliza." Dakika chache, halafu tumbo linatoa asidi nyingine. Afadhali ule mapema, chipsi mayai saa tano usiku ukapanda kitandani saa tano na nusu hiyo ni kujitakia. Lalia ubavu wa kushoto, inua kichwa cha kitanda.

"Basi niwekee kofia ya zirkonia yaishe." Zirkonia yenyewe, ile kauri ngumu ya kufunikia jino, haitetereki kirahisi, ila imesimama juu ya jino lako, na pale ukingoni karibu na fizi asidi inapita kama kawaida. Ndo maana mi kofia ya kudumu siweki mpaka umwone daktari wa tumbo kwanza. Kuna kaka alinuna akaenda kuwekewa kwingine, zikapendeza kweli. Juzi karudi na mbili ameshika mkononi, zimefungwa kwenye tishu, zirkonia haina hata mkwaruzo, jino la ndani ndo halipo.