Moduli, kopi na bandia: tofauti zake kwenye pikipiki

Birere, mtaa wa Goma, mtu akiuliza kama pyesi (kipuri) itaingia kwenye moto (pikipiki) yake, hukosi atakayemjibu: "Moto za Chine zote ni kopi, weka tu." Jibu hilo humfanya mtu anunue silinda mara mbili.

Utengenezaji wa moduli ni kuigawa mashine sehemu sehemu, kila sehemu na kiwanda chake, vipimo vya maungio vikiwa vinajulikana na wote. Basi. Mwenye jina kwenye tangi huenda amenunua injini, fremu na kabureta kwa watu watatu. Ndivyo Chongqing, mji wa pikipiki wa Chine, ilivyokua miaka ya 1990.

Kuiga ni jambo jingine, ingawa huko vilikwenda pamoja. Vipimo vile vilitoka kwenye pikipiki chache za Kijapani zilizofunguliwa na kunakiliwa, mojawapo Honda CG125. Walionakili mashine moja walipata mashimo ya bolti yaleyale, ndiyo maana injini ya huyu hukaa kwenye fremu ya yule. Bandia ni kitu cha tatu: kipuri kinachodanganya jina. Moto yenye jina lake na injini ya mtindo wa CG haijamdanganya mtu. Tena mwaka 2001 Honda yenyewe iliungana na mwigaji mmoja, ikazaliwa Sundiro Honda.

Kinacholingana ni maungio, si matumbo. Soma namba ya injini, mfano 162FMJ, kwenye karteri (kasha la chini la injini): 1 ni silinda moja, 62 kipenyo chake kwa milimita, F kupozwa na upepo, M pikipiki, J daraja la cc 150. Valvu zinafunguliwaje? Namba haisemi. CG hutumia fimbo mbili zinazosukuma kutoka chini. CB, mtindo mwingine wa Honda, ina mnyororo wa ndani unaopanda hadi kwenye kichwa cha injini. Zote huandikwa 162FMJ, na silinda ya CG haina njia ya kupitisha mnyororo.

Hata CG kwa CG, silinda ya 150 ina mguu wa shemizi (bomba la ndani ya silinda, upande unaoingia kwenye karteri) mnene kuliko ya 125. Fundi akipanua mdomo wa karteri kwa tupa ili mguu huo uingie, bila kuifungua injini yote, chembe za aluminiamu hushuka kwenye mafuta na kusaga beringi.

Kwa hiyo nenda dukani na silinda ya zamani mkononi. Ulizia kwanza CG au CB, halafu pima mguu wa shemizi, halafu pini ya pistoni. Nchi ilikotoka haitakusaidia kuchagua.