Kigimbi kikibana usiku, ndizi haikusaidii pale pale

Ile imani kwamba msuli ukibana basi umepungukiwa madini ya potasiamu, kula ndizi utapona, imekaa sana vichwani mwetu ila kwa wengi haiko hivyo, mara nyingi ni neva zinazoendesha msuli ndo zinachachamaa, hasa msuli ukiwa umechoka au umekaa umejikunja, na hiyo ndizi yenyewe inachukua nusu saa na zaidi mpaka ifike kwenye damu. Kinachosaidia haraka ni kunyoosha: goti lisijikunje, vuta vidole vya mguu vije upande wako taratibu, shikilia sekunde 30 hivi, usivute kwa nguvu jamani. Kitambaa cha moto baadae kinalegeza. Ila misuli inayokakamaa muda wote baada ya kiharusi ni kitu kingine kabisa, hapo muone daktari.