Bia nyeusi ya moshi: yasemwayo mezani na ukweli wake

Jumamosi moja jioni, Raskazone, Tanga, rafiki yetu aliyetoka safari alifungua chupa ya Alaskan Smoked Porter, bia nyeusi ya moshi, tukaigawana watu wanne. Mmoja akaonja, akaisukuma glasi. "Mwanangu, hii bia imeungua."

Hilo la kuungua ndilo ninalolisikia zaidi, na linaniuma, maana linadharau kazi ya watu. Moshi ule umetiwa kwa makusudi, tena kabla bia haijapikwa. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue, kisha kimea hukaushwa. Aliyemwona bibi yake akianika kimea cha togwa anaijua hatua hiyo. Tofauti ni kwamba badala ya jua hutumika moto wa kuni, na moshi hung'ang'ania kwenye punje. Bia ile hutoka Juneau, Alaska, mji usio na barabara ya kuuunganisha na miji mingine. Walianza kuipika mwaka 1988, na kimea chake walikifukiza kwa kuni za mti wa alder katika banda la jirani la kukaushia samaki kwa moshi. Ndiyo maana wengi wakiinusa huapa kwamba ina samaki. Haina. Pua zetu za pwani zimezoea kuukuta moshi wa aina hiyo kwenye samaki.

Wengine husema ni ladha za kiwandani, mtindo wa juzi. Mji wa Bamberg, Ujerumani, una viwanda viwili vya zamani, Schlenkerla na Spezial, ambavyo hadi leo hukausha kimea kwa moto wa kuni. Enzi ambazo kuni ndizo zilizokuwa nishati ya kukaushia, mpishi wa bia hakuwa na njia rahisi ya kuukwepa moshi. Kwa hiyo iliyo ngeni hapa duniani ni bia isiyo na moshi kabisa.

Rangi nayo huwapoteza watu. Weusi hautokani na moshi. Hutokana na kimea kilichokaangwa hadi kikawa kama buni iliyokaangwa sana. Mwaka 1817 Daniel Wheeler, Mwingereza, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya pipa la kuzungusha la kukaangia kimea hicho. Ukitaka ushahidi, itazame bia ya moshi ya Grodziskie ya Poland: hupikwa kwa ngano iliyofukizwa moshi wa mwaloni, na bado ni ya njano iliyopauka.

Na nyeusi haimaanishi kali. Guinness ya pipa inayonywewa Dublin ina kilevi cha asilimia 4.2, wakati bia yetu ya Safari, yenye rangi ya dhahabu, ina 5.5. Ile ya Juneau ina 6.5, kwa hiyo kinachosomwa ni lebo, si rangi.

Limebaki la barafu, kwamba bia sharti inywewe ikiwa baridi kabisa. Kwa joto la Tanga naelewa kwa nini mtu anataka chupa inayotoa jasho, lakini baridi kali huua ladha ya bia hii. Ulimi hubaki na uchungu tu. Itoe kwenye friji, iache mezani ipunguze baridi. Glasi iliyosukumwa jioni ile ilikaa hapo karibu robo saa, hadi sahani ya changu wa kuchoma ilipofika. Mwenyewe akanywa funda moja baada ya samaki, akanyamaza, kisha akauliza kama chupa ina kitu kimebaki.